Shuka Lililosimama

Umeme ulikatika saa mbili usiku, siku ya Jumamosi. Feni ikapunguza mwendo, ikazunguka kwa kulazimishwa, ikasimama. Wapwa zangu wanne walikuwa mkekani, simu zao zimebaki na chaji ya kuungaunga, na joto la Dar es Salaam mnalijua. Nikawasha mshumaa, nikaubandika kwenye kisosi. Mdogo wao, wa miaka tisa, kwa kukosa la kufanya akaanza kupiga mluzi. Dada yake akamfinya paja: "We! Unaita nyoka!"

Hapo nikajua nitawasimulia nini.

Kuna profesa mmoja kijana, nikaanza, anaitwa Parkins. Nadhifu, anajiamini, na ukitaja mizimu mbele yake anakunja uso kama umemtukania mama. Amekwenda kupumzika pwani ya mashariki ya Uingereza, acheze gofu. Hoteli imejaa, amepewa chumba chenye vitanda viwili, analalia kimoja. Jioni moja anapita kwenye magofu ya kanisa la kale, anachokoa udongo kwa kisu, mkono unaingia kwenye tundu na kutoka na filimbi ya shaba. Anarudi hotelini ufukwe ukiwa mtupu. Mtupu, isipokuwa kwa mbali nyuma yake kuna mtu anayeonekana kukimbia ili amfikie, na hamfikii. Usiku, chumbani, anaisafisha filimbi. Anaipuliza.

"Mjomba, amepuliza usiku?"

Usiku.

"Ndani ya nyumba?"

Ndani.

"Basi huyo kafa," akahukumu wa miaka tisa.

Mwandishi wa hadithi hiyo, Mwingereza M. R. James, alihitaji kurasa kadhaa za upepo, mchanga na maandishi ya Kilatini ili wasomaji wake waanze kuhisi kwamba kupuliza filimbi ile halikuwa jambo la busara. Wapwa zangu walifika hapo kwa sekunde moja. Mluzi usiku! Kazi ya kuwaandaa ilishafanywa na mabibi wote wa pwani, bure, vizazi na vizazi.

Nikaendelea. Kesho yake mtumishi wa hoteli anamuuliza Parkins blanketi la ziada aliweke kitanda kipi, maana vyote viwili vimelaliwa. Wapwa kimya. Mshumaa ukayumba, na naapa sikuupuliza. Usiku unaofuata Parkins anaamka na kuona kitu kinakaa kitako kwenye kitanda cha pili.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapompenda James kuliko waandishi wengine wote wa mizimu. Mtoto yeyote aliyelelewa pwani anajua kinga ya kwanza dhidi ya chochote kinachotembea usiku. Dua inakuja ya pili. Ya kwanza ni shuka. Unajifunika gubigubi, utosi mpaka kidole gumba, unaacha kitundu cha pua, na kilichomo chumbani kinapoteza haki zote juu yako. Nimeitumia kinga hiyo nyumbani kwa bibi Pangani miaka yote ya utoto, nikitoka jasho kama mpishi wa pilau, na haikuwahi kushindwa hata mara moja. James anaichukua ngao hiyohiyo na kuigeuza adui. Kile kinachoinuka hakina mwili wa kwake. Kimejivika mashuka ya hoteli, na uso wake ni kitambaa kilichokunjamana. Na ni kipofu. Kinapapasa huku na huko, kinamtafuta.

Nilimwona yule wa miaka tisa akilisukuma shuka lake kwa mguu, polepole, mpaka likatoka nje ya mkeka.

Nimesoma hadithi za kutisha zaidi ya nusu ya umri wangu, na kila ninapokiri hivyo kuna mtu wa heshima ananiuliza kama sioni vibaya kushabikia ushirikina. Nimezoea. Stephen King namheshimu kama ninavyomheshimu fundi mwenye karakana kubwa isiyolala. Edgar Allan Poe anapiga kelele mno kwa masikio yangu. Shirley Jackson wa Marekani, aliyetoa "The Haunting of Hill House" mwaka 1959 na kufariki 1965 akiwa na miaka 48 tu, ni mwandishi ambaye kitabu chake simwazimi mtu, naogopa kisirudi. Lakini wapo wawili ninaowarudia kila mwaka, na vitabu vyao vikuu vilitoka mwaka mmoja, 1904, wenyewe wakiwa pande mbili za dunia na wasiofanana kwa lolote. Mmoja ni James, na kitabu chake "Ghost Stories of an Antiquary". Wa pili ni Lafcadio Hearn, na "Kwaidan".

James alizaliwa mwaka 1862, mtoto wa kasisi wa Kianglikana, akakulia Suffolk. Kazi yake ya mchana ilikuwa miswada ya kale. Aliorodhesha na kueleza miswada ya chuo baada ya chuo pale Cambridge, akaongoza jumba la makumbusho la Fitzwilliam, mwaka 1905 akawa mkuu wa King's College, na 1918 akahamia kuongoza shule ya Eton mpaka alipofariki mwaka 1936. Hadithi za mizimu zilikuwa burudani yake na marafiki. Za kwanza alizisoma kwenye kikundi chao cha mazungumzo pale Cambridge, tarehe 28 Oktoba 1893. Baadaye ikawa desturi ya mkesha wa Krismasi: wenzake wanangoja chumbani kwake, anatokea na karatasi mkononi, anazima mishumaa yote isipokuwa mmoja, anakaa karibu nao na kuanza kusoma.

Ndiyo maana sentensi zake zinakaa mdomoni. Ziliandikwa na mtu aliyejua kwamba usiku uleule atatazamana na wasikilizaji wake, na kwamba akirefusha mno atasikia kiti kinalia. Hata kitabu cha 1904 kina urafiki ndani yake. Rafiki yake kijana, James McBryde, alikuwa akikichorea picha. Akafa kabla ya kumaliza, amekamilisha nne tu. Kitabu kikatoka na hizo nne.

James mwenyewe alikuwa bahili, na ubahili wake ndio ufundi wake. Mwaka 1924 alieleza namna anavyoona hadithi ya mzimu inapaswa kwenda: watu waonekane kwanza katika shughuli zao za kila siku, wametulia, hawana habari, kisha lile jambo baya lichungulie, lijifiche, lichungulie tena, mpaka lijae chumba. Kinachonivutia ni namna linavyojaa. Katika "Casting the Runes", ya kitabu chake cha 1911, Bwana Dunning yuko kitandani gizani, anapeleka mkono chini ya mto. Mkono unakutana na mdomo. Una meno. Una nywele kandokando. Basi. Dunning anamalizia usiku katika chumba kingine, amejifungia, anasikiliza. James anasema tu kwamba mdomo ule si wa binadamu, haongezi neno juu ya ni wa nini, na mimi baada ya miaka ishirini bado sipeleki mkono chini ya mto bila kufikiri.

Filamu haiwezi hilo. Kamera huona, haipapasi. Ukitazama hadithi zake kwa makini utakuta mara nyingi watu wake hawaoni kitu, wanakigusa, au wanaguswa nacho, na wanajuta kuwa na ngozi. Ana kasoro zake, tusidanganyane. Wanawake ni wachache mno katika dunia yake, na Kilatini chake kinamchosha msomaji aliyetoka kazini. Lakini kwa mguso hana mshindani.

Pengine mmoja. Mwaka 1900 Hearn aliandika insha juu ya hofu yake ya utotoni, akadai kwamba anayeogopa mzimu kwa hakika anaogopa kuguswa nao. Alijua anachosema. Alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada, Ugiriki, mama Mgiriki, baba daktari wa jeshi, Mwairishi. Akapelekwa Dublin mdogo kabisa, mama akaondoka asirudi, akabaki kwa shangazi wa baba yake. Kwa kuwa aliogopa giza, wakaona dawa ni kumfungia gizani. Akiwa na miaka 16 akapoteza jicho la kushoto kwa ajali shuleni. Akaenda Marekani, akawa mwandishi wa habari Cincinnati, mwaka 1874 akamwoa Alethea Foley, mwanamke Mweusi aliyezaliwa utumwani, wakati sheria ya Ohio ikikataza ndoa ya namna hiyo, gazeti likamfukuza. Ndoa haikudumu. Akapita New Orleans, akapita Martinique, na mwaka 1890 akashuka Japani. Hakuondoka tena.

Mjini Matsue, alikokwenda kufundisha Kiingereza, akamwoa Koizumi Setsu, binti wa ukoo wa samurai ulioishiwa. Mwaka 1896 akachukua uraia na jina la Koizumi Yakumo. Na hapa ndipo hadithi inapokuwa tamu kwangu. Hearn hakuweza kuvisoma mwenyewe vitabu vya kale vya Kijapani. Setsu ndiye aliyezunguka kwenye maduka ya vitabu vikuukuu kutafuta visa vya mizimu, akavisoma, kisha usiku akamsimulia mumewe kwa kile Kijapani chao cha nyumbani, cha kuvunjikavunjika, walichokielewa wao wawili. Utambi wa taa umeteremshwa. Kama angeshika kitabu asome, Hearn alimkatalia: alitaka kisa kitoke kwake, kwa maneno yake na fikra zake mwenyewe. Alimrudisha nyuma mara nyingi. Sauti ilikuwaje hapo? Usiku ulikuwa wa namna gani? Setsu alieleza baadaye, katika kumbukumbu zake, jinsi uso wa mumewe ulivyobadilika rangi akisikiliza. Na kwamba jioni moja, chumba hakijawashwa taa, alimwita kutoka chumba cha pili kwa jina la mhusika wa hadithi aliyokuwa akiiandika. Kutoka gizani Hearn akajibu kwamba yeye ni kipofu, na nani huyo anayemwita? Kisha akanyamaza.

Mhusika huyo ni Hoichi, na kama utasoma hadithi moja tu ya Hearn, soma hiyo. Hoichi ni kipofu, mpiga biwa, ala ya nyuzi, anayeishi katika hekalu karibu na bahari ya Dan-no-ura, ambako mwaka 1185 ukoo wa Heike uliangamizwa pamoja na mfalme wao mtoto. Anasifika kwa kuuimba utenzi wa vita hivyo. Usiku mmoja anaitwa na askari mwenye sauti ya amri, anashikwa mkono wa chuma, anapelekwa kuimba mbele ya wakubwa asiowaona. Wanalia sana. Anaitwa tena. Watu wa hekalu wanamfuata na kumkuta peke yake makaburini, mvua inamnyeshea, anapiga biwa mbele ya kaburi la yule mfalme mtoto, na mioto ya wafu inawaka pande zote.

Kuhani anajua la kufanya. Hoichi anavuliwa nguo na kuandikwa maneno matakatifu mwili mzima, kifua, mgongo, nyayo, ili mjumbe wa wafu asimwone. Anaambiwa akiitwa asijibu. Mjumbe anakuja, anaita, anatafuta. Haoni mtu. Anaona masikio mawili yakielea hewani, maana masikio yalisahauliwa. Anayang'oa, akayaonyeshe kwa bwana wake kuwa alitii amri. Na Hoichi, damu inamtiririka, hatoi sauti.

Sasa niambieni, nani katika pwani yetu anahitaji tanbihi hapo? Tumeandikiwa kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa, tukanywa. Tumevishwa hirizi tukiwa hatujui kutembea. Tunajua kwamba maneno yanaweza kuwa nguo. Tulichokuwa hatujafikiri ni swali la Hearn: je, fundi akisahau mahali?

Kisa kingine cha "Kwaidan" nilikisoma ndani ya basi la Tanga, mchana kweupe, na nusura nishuke Chalinze. Kinaitwa "Mujina". Mfanyabiashara anapita usiku kwenye mteremko mmoja wa Tokyo, anamkuta mwanamke ameinama analia. Anambembeleza. Mwanamke anageuka, anapitisha mkono usoni, na uso haupo: hakuna macho, pua wala mdomo. Mwanamume anatimua mbio mpaka kwenye kibanda cha muuza tambi mwenye taa. Anahema, anajaribu kusimulia alichoonyeshwa. Muuza tambi anamuuliza kama kilifanana na hiki, anajipangusa uso. Taa inazimika.

Kilichonishtua ni kwamba kisa hicho nilishakisikia. Bibi yangu alitusimulia Pangani, kwenye mwanga wa koroboi, na wasomaji wengi kutoka Mombasa, Unguja au Tanga naamini mmekisikia kwa bibi zenu. Mwanamume anakutana usiku na mwanamke mzuri, buibui linanukia udi, wanaongozana. Upepo unainua buibui, anaona miguu: kwato. Anakimbia mpaka anamkuta mzee wa kanzu nyeupe amekaa barazani. Anamweleza. Mzee anasikiliza kwa upole, anainua pindo la kanzu: "Kama hizi?"

Bibi hakusema ni jini. Hakusema yule mwanamume alikuwa mlevi au mzinzi, hakutuwekea funzo. Akisema "kama hizi?" alikuwa ananyoosha mguu wake mwenyewe kutoka chini ya khanga, polepole, kisha anapuliza koroboi. Hakupata kusikia jina la Hearn, wala Setsu. Walifanya kazi moja.

Na hapo ndipo penye lalamiko langu. Tuna maneno chungu nzima ya vitu hivi, mzimu, pepo, jini, kibwengo, mzuka, na kila moja lina mipaka yake anayoijua mzungumzaji, ingawa mzuka siku hizi vijana wanao wa mechi na wa muziki. Tuna wasimuliaji. Umbali kati ya mdomo wa bibi na ukurasa uliochapwa ndio tulioshindwa kuuvuka. Riwaya yetu maarufu yenye mzimu katika jina lake ni "Mzimu wa Watu wa Kale" ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, na wote tunajua inakoishia: mpelelezi Bwana Msa anawasha kiko chake, anafikiri, na muuaji anakuwa binadamu. Naipenda riwaya hiyo, naipenda sana, na Abdulla hakuahidi kitu kingine. Alikuwa anaandika upelelezi. Lakini ni kama waandishi waliofuata waliona mlango mmoja tu. Mzimu ukitokea, aje mpelelezi aueleze, au aje mganga auondoe, au sheikh na mchungaji waukemee. Haachwi msomaji na shuka lililosimama.

Filamu nazo zilijaribu. Mussa Banzi, na "Nsyuka" na "Shumileta" zake, aliwapeleka watu wengi kitandani taa ikiwa inawaka, na heshima yake ninampa. Ila mizimu mingi iliyofuata kwenye skrini zetu imepakwa poda, inaunguruma, inaonekana mwili mzima dakika ya tano. Baada ya hapo inabaki kuwa mtu mwenye poda. Simulizi za sauti wanazorushiana vijana kwenye simu ziko karibu zaidi na ninachokitaka, kwa sababu zimerudi kwenye giza na sauti. Lakini wengi wanazimaliza kwa mahubiri, kana kwamba wanaomba radhi kwa kututisha.

James aliulizwa kama anaamini mizimu. Alijibu kwamba yuko tayari kuuangalia ushahidi na kuukubali ukimridhisha. Ni jibu la mtu wa miswada, na linanitosha. Hadithi haimtaki msomaji aamini. Inamtaka akae kimya kidogo, mkono wake uwe nje ya shuka.

Kuhusu "Kwaidan" nina hukumu moja ambayo sitaibadilisha: kile ni kitabu cha watu wawili, na jina la Koizumi Setsu lilistahili kuwa kwenye jalada tangu siku ya kwanza. Hearn alifariki tarehe 26 Septemba mwaka uleule wa 1904, miezi michache baada ya kitabu kutoka. Setsu aliishi mpaka 1932. Nina uhakika alibaki na visa ambavyo hakuna aliyemuuliza, kama bibi yangu alivyoondoka na vyake, mimi nikiwa mjini najifunza uandishi.

Wachapishaji na watafsiri, hili lenu. Haki miliki za James na za Hearn zimekwisha muda wake. Hamumwombi mtu ruhusa, hamumlipi mtu. Tunazihitaji hadithi hizi kwa Kiswahili, na kando yake tunahitaji zile za mabibi walio hai, ziandikwe kwa maneno yao, bila kusafishwa. Anayetaka kuanza aanze na "Mujina". Ni kurasa chache tu, na haihitaji umeme.